Aliyekaa Naye Yumo

Watu walimwita Randa. Jina lile hakulipenda wala hakulikataa, maana alilirithi kwa baba yake pamoja na karakana, meza mbili za kazi, na chuma chenye mpini kilichochongwa ncha yake mfano wa randa ndogo, kile chombo cha kulainishia mbao. Chuma hicho kilitiwa motoni mpaka kikaiva, kisha kikagandamizwa chini ya kila kiti, meza na benchi lililotoka mle ndani, mahali pasipoonekana ila na mtu anayekipindua. "Jina linakaa chini," baba yake alikuwa akisema, "kazi ndiyo ikae juu." Katika mji ule mwenye nyumba akitaka kujisifu mbele ya mgeni hakufungua kabati. Alipindua kiti.

Nyumba ile haikuwahi kutoa kiti kinachoyumba. Wapo waliosema vingine, nao hawakosekani popote, lakini ukienda kwao uliwakuta wamekalia madebe.

Randa alikuwa mdogo wa watoto wawili. Mkubwa wake aliitwa Msumari, kwa sababu akishaingia kwenye neno hang'oki. Msumari ndiye aliyezungumza na wateja, akachagua mbao, akashika chapa ya baba na kuifungia sandukuni. Randa alikuwa mtu wa mikono. Ukimsalimu akiwa kazini alikuitikia baada ya kumaliza ubao, na kama ubao ulikuwa mrefu ulikuwa umeshaondoka. Alimwoa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika darasa la tatu kutoka lake. Zawadi aliyompelekea kabla ya ndoa ilikuwa kiti cha mvule chenye mgongo mrefu na kalio la kina, pale mtu anapoketi, kwa kipimo kilekile cha baba. Mwalimu alikikalia jioni zote alizosahihisha madaftari, miaka ishirini na tisa, na hakuna aliyemsikia akikisema vibaya.

Basi ikatokea kliniki ya mama na mtoto ikahitaji mabenchi. Jengo lilikuwa jipya, lenye chumba kikubwa cha kusubiri, na mwishoni mwake mlango mmoja wa kuingilia kwa muuguzi. Sista aliyeisimamia alikuwa mwanamke mnene, mpole wa uso na mgumu wa maneno. Aliagiza mabenchi sita. Ndugu wale wakakesha siku nyingi za mchana, kama Msumari alivyopenda kusema, na wakatoa mabenchi ambayo hata wapinzani wao walikuja kuyapapasa. Mbao nzito, migongo mirefu iliyolala kidogo nyuma, makalio ya kina ambayo mtu akizama hataki kutoka. Yakapangwa safu mbili mbili kama kwenye ukumbi. Msumari akawapindulia watu chapa.

Wiki mbili baadaye Sista akampigia simu Msumari aje ayaone mabenchi yake. Walikwenda wote wawili. Chumba kilikuwa na akina mama hamsini na kitu, na wote walikuwa wamesimama. Walirundikana mlangoni kwa muuguzi, watoto mabegani, mikoba shingoni, wenye mimba wameegemea ukuta. Kwenye mabenchi sita kulikuwa na mwavuli mmoja na mtoto mkubwa anayekula ndizi.

"Mnaona?" Sista akauliza. "Juzi mmoja amezimia palepale mlangoni. Mkubwa wangu wa kazi amekuja, ameniuliza kwa nini nimejaza chumba fanicha isiyokaliwa."

"Watu hawajui kukaa," Msumari akasema.

"Bwana, kukaa kunafundishwa?"

"Kwa wengine, ndiyo."

Sista akawapa mpaka siku ya kliniki kubwa ya mwezi uliofuata. Kama hali ingebaki vile, mabenchi yangetolewa nje, mbao zake zikapigwe rafu za stoo. Maneno hayo Randa aliyasikia yakimwingia kama baridi. Rafu za stoo, na chapa ya baba ikitazama makopo ya dawa ya kuulia mende! Kazi ya nyumba ile ilikuwa haijawahi kurudishwa, sembuse kuvunjwa. Na mji haukungoja siku. Kabla ya wiki kuisha, kijana wa duka la vifaa vya ujenzi alimuuliza Msumari, bila haya, kama siku hizi wanatengeneza mabenchi ya maonyesho.

Walijaribu kurekebisha, na hapo ndipo walipokosea kama mafundi tu wanavyoweza kukosea: walidhani tatizo liko kwenye mbao. Randa alikwenda na msasa, akayalainisha makalio upya. Wakaendelea kusimama. Akalaza mgongo kidogo zaidi ili uwe wa raha. Wakasimama. Msumari akaandika kwa rangi nyekundu kwenye ubao: TAFADHALI KAENI. Akaupigilia ukutani karibu na mlango. Kesho yake mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane alikutwa ameuegemea.

Jioni ile Randa alirudi nyumbani, akala. Mkewe alikuwa kwenye kiti chake, rundo la madaftari mapajani.

"Wamekaa?" akauliza.

"Hawajakaa."

"Umewauliza kwa nini?"

"Niwaulize nini, Mwalimu? Benchi ni benchi. Nikuulize wewe kijiko unakitumiaje?"

Mwalimu alitia alama ya kosa kwenye daftari, akaliweka kando. "Hesabu hii wamekosa watoto thelathini na wanane kati ya arobaini. Unajua nikikuta hivyo nafanyaje? Siwatazami watoto. Nalitazama swali langu."

Randa alikwenda zake kuoga. Lakini usiku alipolala, swali lililala katikati yao.

Ikawa bahati kwamba binti yao mkubwa alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na zamu ya mtoto kupimwa uzito iliangukia siku ambayo binti yuko kazini. Randa akasema atampeleka yeye. Nyumba nzima ilicheka. Alifungwa mtoto mgongoni, akaning'inizwa mkoba wa nepi na chupa, akapewa kadi. Saa moja asubuhi akaingia kliniki, mwanamume peke yake kati ya akina mama kumi, akaenda moja kwa moja kwenye benchi lake la mbele na kuketi kifalme.

Alikaa peke yake. Muuguzi alitokeza kichwa mlangoni, akaita kwa sauti ndogo, maana ndani kulikuwa na watoto waliolala, "Anayefuata!" Mmoja akaingia. Kisha mwingine. Randa alihesabu aliowakuta, akahesabu waliokuja baada yake, na alipofika mtu wa kumi na moja akasimama.

"Mama, samahani. Mimi nimefika kabla yako."

Mama aliyeelekea kuingia alikuwa mwembamba, mwenye mtoto kwapani na maneno mdomoni. "Babu, wewe ulikuwa umekaa."

"Kwani aliyekaa hayupo?"

"Aliyekaa kapumzika. Na anayepumzika hana haraka."

Kicheko kilizunguka mlango mzima. "Mwacheni babu anyonyeshe!" mwingine akatupia kutoka nyuma, na kicheko kikaanza upya. Randa naye akacheka, kwa sababu mtoto mgongoni alicheka. Lakini akili yake ilishakwenda mbali. Kumbe mlango ule haukuwa na foleni. Ulikuwa na miili tu. Mtu alionekana yumo kwa kuwa karibu na kitasa, na akirudi nyuma hatua tatu akaketi, amejifuta. Mabenchi yake sita yalikuwa yanawaambia akina mama wachague: miguu ipumzike, au zamu ibaki. Nani mjinga wa kuchagua miguu?

Alisimama nao. Saa nzima ya kwanza alikuwa mwanamume mwenye nguvu zake. Saa ya pili mkanda wa mkoba ulimkata bega, mtoto alilowa, naye hakuwa na mahali pa kumlaza isipokuwa aende kule kwenye mabenchi na kupoteza nafasi. Ndipo alipomwona, pembeni ya ukuta, msichana mmoja aliyepauka kwa uchovu, kashika tumbo kwa mkono mmoja.

"Binti, wewe huwezi kusimama. Nenda ukae, nitakushikia nafasi mimi."

Msichana alitazama benchi, akatikisa kichwa. "Asante, baba. Pale nikikaa sinyanyuki."

"Kwa nini?"

Alishusha sauti. "Nimejifungua kwa upasuaji. Kiti kinazama, halafu hakina pa kushika. Wiki iliyopita nilikaa, nikanyanyuliwa na watu wawili, mshono ukavuja. Nilitamani ardhi inimeze."

Randa aligeuka akalitazama benchi lake. Kalio lile la kina ndilo lililokuwa fahari ya nyumba yao. Baba alilipima kwa mapaja yake mwenyewe, mapaja ya seremala aliyekuwa akitoka kazini jioni, asiye na mtoto mikononi wala mshono tumboni. Tangu hapo wanawe walikuwa wakimpimia kila mtu aliyeketi kwa mapaja ya marehemu.

Alirudi nyumbani adhuhuri, akamkuta Mwalimu kwenye kiti kilekile na madaftari yaleyale. Safari hii alitazama chini. Miguu ya mkewe haikugusa sakafu. Ilikuwa imepumzika juu ya kopo la rangi lililofunikwa kitambaa kilichofumwa vizuri, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimechakaa katikati.

"Hilo kopo lina muda gani?"

"Kopo lipi?"

"Mke wangu."

"Tangu mwaka wa kwanza," akasema Mwalimu. "Lile la awali lilipata kutu."

"Miaka ishirini na tisa! Kwa nini hukusema?"

Akavua miwani. "Nimwambie nani kwamba kiti cha nyumba hii hakinitoshi? Majirani? Kaka yako? Na wewe hukuuliza."

Randa alikwenda kuchukua msumeno. Kabla ya jua kushuka alikuwa amekata miguu ya kiti kwa upana wa vidole vinne, akikata kidogo, akimketisha mkewe, akikata tena. Mwalimu aliposhusha nyayo zake sakafuni alisema, "Eh!" tu, lakini alilisema kama mtu aliyevua viatu vya mwenzake.

Wiki iliyofuata karakana ilishuhudia mambo. Randa hakugusa mvule. Alichukua mbao mbovu za kufungia mizigo, akazilaza juu ya madebe kuzunguka ukuta wa uani, mstari mmoja usiokatika, ukiishia mlangoni. Wazo lake lilikuwa hili: benchi lenyewe liwe foleni. Anayefika anakaa mwisho. Aliye mlangoni akiingia, kila mmoja anasogea nafasi moja. Anayekaa hapotezi kitu, maana kukaa ndiko kuwa ndani ya foleni.

Kisha akaita watu wazikalie. Alikuja mke wa Msumari na goti lake bovu, akaja binti yake na mtoto, wakaja majirani wawili wajawazito waliokuja kucheka wakabaki kusaidia. Yeye mwenyewe alijifunga kifuko cha mchanga tumboni kwa shuka, akawa anakaa na kunyanyuka, anakaa na kunyanyuka, mkononi kashika mtungi wa maji badala ya mtoto.

"Fundi, wa ngapi huyo?" jirani akauliza juu ya ukuta.

"Wa mwisho, inshallah," Randa akajibu akihema.

Mambo hayakunyooka mara moja. Kwenye kona, magoti ya wawili yaligongana, kwa hiyo hakuna aliyetaka kukaa konani, na pale palipobaki wazi ndipo mjanja alipopenya. Akaikata kona kwa mshazari, nafasi moja ya mtu mmoja anayetazama chumba kizima. Ikawa ndiyo inayogombewa. Kusogea kulimuuma mwenye goti, mpaka alipofunga fito ya mviringo kwenye ukingo wa mbele wa kalio, usawa wa mkono, ya kushika wakati wa kusogea na wa kunyanyuka. Kalio akalifupisha, akalipandisha. Chini akaacha uwazi wa mkoba. Na kuhusu aliyekwenda msalani, alidhani itabidi abuni kitu, lakini wanawake walishalimaliza wenyewe. "Wa kulia kwangu ananijua, wa kushoto ananijua," binti yake alisema. "Nikirudi nani atanikana? Mlangoni kule tulikuwa hatujuani."

Msumari alirudi kutoka kununua mbao akamkuta mdogo wake na tumbo la mchanga.

Maneno ya mji yanasema ndugu wale walishikana mashati. Si kweli, na waliokuwepo wanajua. Msumari alisimama tu, uso umemjaa damu.

"Baba angekuona, angesemaje?"

"Angeniuliza napima nini."

"Unataka kukata yale mabenchi. Mvule ule! Kipimo cha baba!"

"Kaka, kipimo cha baba kilikuwa cha baba."

"Sawa. Kata. Lakini chapa haitoki sandukuni. Jina la mzee halitapigwa kwenye benchi la kunyatia kama kuku anayetafuta pa kutagia." Akapiga kufuli sanduku, ufunguo akautia mfukoni, akaenda zake.

Randa aliyabomoa mabenchi sita kwa mikono yake. Kila msumeno ulipoingia alihisi kama anamkata mtu anayemfahamu. Mbao zikazunguka kuta tatu za chumba cha kliniki, kona zikakaa mshazari, fito ikapita mbele kama kamba ya kuongozea. Chini yake hapakuwa na alama yoyote. Kwa mara ya kwanza kazi ya nyumba ile ilisimama bila jina, na siku ya kliniki kubwa ikafika.

Akina mama waliingia, wakaenda mlangoni kama kawaida yao. Sista alitazama, Randa akatazama viatu vyake. Wa kwanza, kwa uchovu, akaketi kwenye nafasi iliyo jirani na kitasa, kwa kuwa ndiyo ilikuwa karibu na kitasa. Wa pili akakaa ubavuni mwake. Wa tatu, yule mwembamba mwenye maneno, alisimama akalichunguza benchi, akafuata mstari kwa macho mpaka mwisho wake, na ghafla akaelewa. Akakaa haraka kuliko wote.

"Anayefuata!"

Mmoja aliingia, wengine wakasogea. Hakuna aliyewafundisha. Mama mmoja alipoingia kwa kishindo na kwenda kusimama mlangoni, sauti ishirini zilimwelekeza kule nyuma, na yule mwembamba akaongeza, "Dada, hapa aliyekaa naye yumo. Aliyesimama ndiye hayumo." Msichana wa mshono alikuja saa nne. Aliishika fito, akaketi. Alisogea mara kumi na sita, akanyanyuka peke yake, akapita mbele ya Randa bila kumtambua. Randa alijifanya anatafuta msumari sakafuni, kwa sababu machozi yalikuwa yamemlengalenga.

Sista hakutoa hotuba. Aliung'oa ule ubao wa TAFADHALI KAENI, akampa. "Huu kapikie chai."

Siku tatu baadaye Msumari alimsindikiza mkewe kliniki, maana siku hiyo walipokewa na wagonjwa wengine, kutazamwa goti. Alikusudia kusimama nje. Lakini miguu ya mtu wa miaka sitini ina maoni yake, akaingia akaketi mwisho kabisa nyuma ya mkewe, mikono kifuani. Alikaa kidogo, bibi wa kushoto kwake akamgusa. "Sogea, baba, unatuchelewesha." Akasogea. Akasogea tena. Aliifikia kona, akatazama chumba kizima kimekaa, watu hamsini, hakuna aliyeegemea ukuta. Katikati ya safari alipitisha kiganja chini ya ubao, kama wafanyavyo watu wa nyumba ile wakikalia kazi ya wengine, kutafuta mkwaruzo. Hakuupata. Wala alama hakuipata.

"Benchi hili la nani?" bibi akamuuliza.

"La kwetu," Msumari akasema, na akalisikia neno lenyewe.

Kesho yake asubuhi Randa alifika karakanani akakuta sanduku wazi na moto umeshawashwa. Kaka yake alikuwa amebeba chuma kimefungwa gunia.

"Twende kabla hawajaanza kuja," akasema. "Na wewe ndiye utakayelala chini, mimi mgongo wangu hauwezi."

Walibeba jiko la mkaa mpaka kliniki. Randa alilala chali chini ya nafasi ya karibu na mlango, Msumari akampa chuma chekundu, na moshi wa mvule ukapanda kwenye chumba kitupu. Walipotoka Msumari alishika kitasa akageuka.

"Kile kiti cha shemeji," akasema, "nasikia umekikata miguu."

"Nimekikata."

"Chapa imebaki?"

"Imebaki. Ila sasa Mwalimu anafika chini."

Randa alifanya kazi miaka mingine kumi na minne. Alimtengenezea muuza dawa asiyeona vizuri rafu zenye kingo tofauti, ajue kwa kidole dawa iko wapi. Alimfanyia fundi viatu wa mkono mmoja kibanio cha kushika soli. Kila mara alianza vilevile, kwa kwenda kukaa na mwenyewe siku nzima, mikono mapajani, mpaka wengine wakamdhani mvivu. Siku alipozikwa, akina mama wa kliniki walikuja wengi. Walipofika nyumbani hawakurundikana mlangoni kwa mjane. Waliketi kuzunguka ukuta wa uani, wakawa wanasogea mmoja mmoja mpaka kwenye kile kiti kifupi cha mvule. Mwalimu aliwapokea mmoja baada ya mwingine, nyayo zake zote mbili zikiwa sakafuni.